Uzi Kutoka Jichoni mwa Karanja

Keti hapa karibu na dirisha, na uniwie radhi kwa vumbi la mbao. Sikio langu la kushoto halisikii, kwa hivyo ukiwa na swali njoo upande huu wa kulia. Nataka kukueleza jinsi nilivyojenga kambi ya jeshi juu ya mlango wa zamani. Nitakwenda polepole, kwa sababu mikono ya mtu yeyote inaweza kujifunza kazi hii. Yangu ilizoea usukani tu, na bado ilijifunza. Lakini siwezi kukueleza habari za gundi na mchanga kabla sijakueleza asubuhi ile, kwa hivyo tuanze na asubuhi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Kambi yetu ilikuwa ndogo, ng'ambo ya mpaka, ndani ya Somalia, mahali ambapo barabara ya mchanga inapita karibu na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Kazi yetu ilikuwa kulinda kisima na barabara. Mimi nilikuwa dereva wa lori la maji. Kila siku kulipopambazuka nilitoka langoni, nikaenda kisimani, nikajaza tangi.

Sasa, maji ya kisima kile yalitoka moto. Yalitoka chini sana ardhini, yakafika juu na joto la chai iliyosahauliwa mezani. Amri ilisema lori likijaa lirudi ndani ya lango papo hapo. Lakini ndani hakukuwa na kivuli hata cha kuku, na kufika saa tatu tangi lingekuwa linachemka. Nje, hatua kama thelathini kutoka langoni, kulikuwa na mgunga mkubwa. Nikiegesha chini yake mpaka saa nne hivi, maji yalipoa kidogo na watu wakanywa kitu kinachofanana na maji. Sajenti wetu aliijua amri ile kuliko sisi sote, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja na kikombe.

Mti ule tuliuita Steji. Karanja ndiye aliyeubatiza, kwa sababu watu walipanga foleni pale na ndoo zao kama wanaosubiri gari la kwenda mjini.

Karanja alikuwa kijana wa Makongeni, Nairobi, kama mimi. Baba yangu alitoka Pwani akaajiriwa na reli, akapewa nyumba ya reli. Babu yake Karanja alitoka Murang'a akaajiriwa na reli hiyo hiyo, akapewa nyumba mistari miwili kutoka kwetu. Nilipoingia jeshini yeye bado alikuwa akicheza mpira wa makaratasi barabarani. Tulipokutana kambini, miaka ile yote kati yetu ikapotea. Aliniita dere.

“Dere, leo umechelewa,” aliniambia asubuhi ile nilipokuwa nikitoka langoni. “Abiria wamekasirika.”

“Waambie wapande waketi, kondakta. Gari langu halibebi mtu wa kusimama.”

“Na mimi uniwekee kiti cha mbele. Naingia lindo saa moja, nikitoka nataka maji baridi, si supu.”

Niliporudi kutoka kisimani, mzee mmoja wa pale, mchungaji, alikuwa amepumzika chini ya Steji na mbuzi wake. Niliegesha, nikazima injini, na mbuzi mmoja akatafuna kamba ya ndoo yangu nilipokuwa nikiifungua. Niliacha bunduki yangu nyuma ya kiti, nikaingia kambini kutafuta chai. Nilipofika jikoni niligeuka, nikamwona Karanja mbele ya kibanda chake cha lindo, pembeni mwa lango. Alinipungia mkono. Nikainua kikombe kumwambia kwamba nitamletea chai. Akapunga tena, mkono mzima. Nikacheka, nikampa kisogo ili nijaziwe kikombe cha pili.

Kikombe hakikujaa.

Nilisikia bunduki ya Karanja. Risasi tatu au nne, kwa haraka, kama mtu anayebisha mlango.

Halafu injini ya gari ambalo halikuwa letu.

Halafu sikio hili likazimika, na halijawaka tena.

Niliamka ndani ya shimo la taka nyuma ya jiko. Juu yangu kulikuwa na vumbi la manjano na ndani ya vumbi kulikuwa na watu wanaokimbia, na sikujua ni wetu au si wetu.

Niliona viatu vya Sajenti. Havikuwa vikitembea.

Nilitafuta bunduki yangu kwa mkono, nikakumbuka ilipo.

Nikajifunika maganda ya viazi.

Nilibaki mle mpaka jua likawa juu ya utosi, na sikufyatua risasi hata moja. Helikopta ilikuja alasiri. Sisi tuliopanda kwa miguu yetu wenyewe tulitosha kwenye benchi mbili. Pale palipokuwa na lango palikuwa na shimo. Kibanda cha Karanja hakikuwepo. Lori langu lilikuwa limelala ubavu, jeusi, na hakuna aliyeuliza lilikuwa limesimama wapi kabla mlipuko haujalitupa.

Ripoti ya mkasa ule sikuisoma, lakini sentensi moja ilitoka ikaenea: mlinzi wa lango hakutoa ilani kwa wakati. Maneno ya karatasi ni ya adabu. Mdomoni yalikuwa mafupi zaidi. Kwenye mazishi, mmoja wa tuliookoka aliwaambia watu nyuma ya hema, “Kijana alilala.” Hata mimi niliamini. Nakwambia mapema ili usije ukanidhania mwema.

Jeneza halikufunguliwa. Mama yake aliniita kando, akaniomba kitu chochote, hata kidogo, cha mara ya mwisho.

“Alinipungia mkono, mama,” nikamwambia.

“Mkono gani?”

“Wa kulia.”

Aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Miaka iliyofuata, kila nilipokutana naye Makongeni, alinisimulia habari ile ile kana kwamba mimi sikuwepo. “Karanja wangu alimpungia Rama mkono,” alisema, na Rama ni mimi. “Alikuwa akituaga.”

Mama Karanja ni fundi wa cherehani. Hushona sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa ule wamevaa kaptula zake. Mimi nilihamia mtaa wa Lucky Summer na mke wangu Mwanaisha, na nilipostaafu nilianza kutengeneza viti na vistuli hapa barazani ili mikono isikae bure. Jumamosi moja mama akaja bila kupiga simu. Hakunywa chai aliyowekewa.

“Rama, kanisani wameacha kuniuliza habari za Karanja,” alisema. “Zamani waliuliza. Sasa ninapokaa watu wanasogea mbali, benchi inapata nafasi. Mwanamke mmoja mtoto wake alikuwa kambi moja na nyinyi. Ameniambia usoni kwamba wangu alilala na wake akafa.”

“Mama, usiwasikilize.”

“Siwasikilizi. Nataka kuona. Nionyeshe alisimama wapi, na alikuwa anaona nini.”

Nilichukua karatasi nikachora lango, barabara, mti. Aliigeuza karatasi hivi na hivi, akanirudishia.

“Mimi ni mshonaji. Karatasi haiwezi kuniambia mkono unaingia wapi mpaka nguo iwe mbele yangu.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikuanza kwa moyo mweupe. Nilifikiri nitamjengea kitu kizuri cha kutazama, apate pa kuweka macho, na yale mengine yatanyamaza yenyewe.

Sasa sikiliza, hapa ndipo kazi inapoanza. Wenye kuijua huiita dayorama, lakini jina lisikutishe. Ni kipande cha ardhi kilichopunguzwa, basi. Nililaza mlango wa chumba tuliokuwa tumeubadilisha juu ya vistuli vinne. Mlango ni mzuri kwa sababu haupindi, na una urefu wa kutosha kuanzia jikoni mwa kambi, kupita lango na Steji, mpaka kule barabara inapotoka kwenye laga, yaani mto mkavu.

Kitu cha kwanza ni kipimo. Chagua kimoja usikiache, hata moyo ukikuomba upunguze hapa uongeze pale. Usiogope hesabu. Mimi nilikata kijiti cha urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, nikakiita mtu. Kisha nikapima kila kitu kwa mtu huyo. Lango lilikuwa watu watatu kwa upana. Ukuta ulimfika kifuani. Lori lilikuwa watu wanne kwa urefu na karibu wawili kwenda juu. Umbali niliujua kwa hatua, kwa sababu nilikuwa nimetembea kutoka lori hadi jikoni kila asubuhi, na hatua ni kipimo ambacho huwezi kukiacha kambini. Ukishapata mtu, mengine yote utayapata kutoka kwake.

Mchanga niliutoa kwenye nyumba inayojengwa huku nyuma, nikauchekecha kwa chujio la chai mpaka ukawa laini. Chembe ikiwa kubwa, kwa mtu wa sentimita mbili na nusu inakuwa jiwe. Pakaza gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, nyunyiza mchanga, acha ukauke, kisha pangusa kwa brashi. Rangi haikuwa sawa, ilikuwa ya Nairobi. Mwanaisha akanipa majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Nikayakausha, nikayasaga, nikayapuliza juu. Nilipotazama, nikalazimika kutoka nje nikasimame kidogo. Ilikuwa rangi yenyewe.

Mama Karanja alikuja kila Jumamosi baada ya hapo. Nilimfundisha kufinyanga magunia ya mchanga: kata udongo kama punje ya mchele, bonyeza katikati kwa ukucha, panga ukiwa bado mbichi ili yabebane. Alitengeneza mamia, na yake yalikuwa bora kuliko yangu. Mahema aliyashona kwa bitana ya suruali. Kwa kamba za mahema alileta kibiringo cha uzi mweusi, ule mwembamba wa kushonea vifungo.

Mtu wa kwanza kukamilika alikuwa Karanja. Nilimfinyanga juu ya waya, na mama akamkagua kwa miwani yake ya kazi.

“Bega la kushoto lishushe kidogo.”

“Hivi?”

“Bado. Sare zake zote za shule nilizishona mimi. Bega hilo lilinisumbua mpaka kidato cha nne. Hapo. Huyo ni wake.”

Mkono wa kulia niliuweka kwenye bunduki, kama mlinzi. Mama alimshika yule mtu mdogo kiganjani mpaka udongo ukapata joto.

Jumamosi moja tulikuwa tumemaliza lango, kibanda, barabara na laga. Mama akasema, “Nionyeshe jicho lake.” Nikamwonyesha. Akafunga uzi mweusi kwenye pini pembeni mwa kichwa cha mtu mdogo, akauvuta mezani mpaka pale barabara inapopanda kutoka kwenye laga, akaukaza kwa kidole.

“Gari la mabomu lilitokea hapa?”

“Hapo. Barabara ni hiyo moja tu.”

Uzi ulikuwa umenyooka hewani. Haukugusa kitu. Mti ulikuwa bado haujajengwa, lakini nilijua shina lake litakuwa pembeni.

“Kutoka hapa mpaka langoni ni muda gani?”

Ningeweza kudanganya. Nilitamani kudanganya. “Kwenye mchanga ule, ungehesabu mpaka kumi. Labda kumi na mbili.”

Akahesabu kwa sauti, taratibu, kidole chake kikitambaa juu ya barabara. Alipofika kumi na mbili kidole kilikuwa langoni.

“Ni muda wa kutosha,” alisema.

“Mama.”

“Nilitaka kuona, Rama. Nimeona. Angeliliona.”

Alifunga mwisho wa uzi kwenye pini ya pili, kwa fundo safi, kama anayemaliza kazi ya mteja. Akachukua mkoba wake. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Nilimpigia simu, akasema ana sare nyingi. Mwezi ule shule zilikuwa zimefungwa.

Nilishika nyundo. Sikufichi. Mwanaisha, ambaye huniita kwa jina la binti yetu, alinikuta nimesimama nayo.

“Baba Zuhura, ukiivunja utamwambia nini akirudi?”

“Hatarudi. Nimemjengea ushahidi dhidi ya mtoto wake.”

“Basi imalize kwanza. Ukiivunja nusu, utajiambia siku zote kwamba haikuwa sawa.”

Nikaendelea, bila furaha. Nakuomba usifanye kazi hii ukiwa katika hali ile, mikono inakuwa mizito. Mgunga niliujenga kwa waya uliosokotwa, na matawi yake kwa nyuzi za katani zilizochovywa kwenye gundi. Nikamfinyanga mchungaji ameegemea shina. Nikafinyanga mbuzi tisa, na mmoja nikamwekea kamba mdomoni, kwa sababu alistahili. Nikawapanga pale walipokuwa wamelala, kivulini, upande wa kambi.

Lori nililiacha mwisho. Gari lako hulijui kama kitu cha kuchonga, unalijua kama mwili, na unaogopa kulikosea. Tangi nililikata kutoka mkebe wa dawa ya mbu. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya chupa za dawa. Niliweka hata ule mkwaruzo wa mlango wa kushoto. Lilikuwa kitu bora kabisa nilichowahi kukitengeneza.

Nililibeba kwa mikono miwili nikalishusha chini ya Steji, mahali pake pa kila siku.

Halikutosha.

Lilikanyaga mbuzi. Nikadhani nimekosea kipimo. Nikachukua kijiti changu nikapima lori upya: watu wanne, sawasawa. Nikapima kivuli, nikawapima mbuzi. Nikawasogeza mbuzi karibu zaidi na mzee, mpaka wakapandana. Bado. Katika kivuli kile palikuwa na nafasi ya mbuzi au ya lori, lakini si vyote viwili.

Ningeweza kuwaondoa mbuzi. Lakini mbuzi walikuwepo. Kamba yangu ilitafunwa.

Nilisimama pale nimeshika lori. Miguu ndiyo iliyokumbuka kwanza, kichwa kikafuata. Mguu wa kushoto kwenye klachi. Gia ya kwanza. Usukani kidogo upande wa kulia ili nimpite mzee asiamke. Sikuwafukuza mbuzi wake. Nilisogea mbele, urefu wa gari moja tu, nikaegesha upande wa pili wa mti, ambako kivuli kilikuwa chembamba. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilikuwa siku ile. Miaka yote nilipojiambia niliegesha chini ya Steji, kichwa changu kilikuwa kikiliweka lori pale pa jana na juzi.

Nikalisogeza lori dogo mbele, urefu wa gari moja.

Tangi likagusa uzi.

Nikasukuma kidogo tena, mpaka pale mguu wangu ulipokanyaga breki, na uzi ukapinda.

Nilipiga magoti hapa, kwenye sakafu hii. Niliweka shavu juu ya mbao, jicho karibu na kichwa cha Karanja, nikafumba la pili. Nikaliona tangi. Nyuma ya tangi hapakuwa na laga. Hapakuwa na barabara mpaka karibu kabisa na lango, pale ambapo gari lingejitokeza ubavuni mwa lori, na mlinzi angekuwa na muda wa risasi tatu au nne.

Ndipo mkono ukanirudia. Haukuwa mkono wa salamu. Ulitoka kushoto kwenda kulia, mzima, kama wa kondakta anayemwambia dereva asogee. Alipunga mara mbili. Nami nikamwinulia kikombe.

Kwa siku nne sikumwambia mtu, hata Mwanaisha. Sajenti alikufa, Karanja alikufa, mzee na mbuzi wake sijui. Hakuna mtu duniani aliyejua lori lilisimama wapi asubuhi ile isipokuwa mimi. Ningeweza kuliweka karibu na jiko, ndani ya lango, kama amri ilivyosema, na lingependeza. Nilijaribu hata. Nililiweka, nikarudi nyuma, nikatazama. Uzi ukanyooka tena, na mtu mdogo mwenye bega lililoshuka akawa amelala.

Siku ya tano nilimpigia simu. Nikamwambia kuna kitu nilikosea kwenye kambi, na lazima akione.

Alikuja na mkoba wake, akasimama mlangoni kama mgeni. Sikumweleza kitu. Niliogopa kwamba nikianza kueleza nitajipendelea. Nilimwekea mto sakafuni nikamwomba apige magoti na kuweka jicho lake pale lilipo la Karanja. Magoti yake si mazuri. Mwanaisha alimshika kiwiko.

Alitazama kwa muda mrefu.

“Sioni barabara,” alisema.

“Huioni.”

“Ni nini hiki mbele yake?”

“Ni gari langu, mama.”

Hakuinuka. Aliliuliza lile lori zaidi ya kuniuliza mimi, “Lilikuwa hapa?”

“Lilikuwa hapo. Siku zote nililiweka pale walipolala mbuzi, siku ile nikaliweka hapo. Na lilipaswa kuwa ndani ya lango. Nililiacha nje ili maji yapoe.”

Nilisikia kuku wa jirani, na redio ya mtu. Mama aliweka kiganja juu ya mbao, karibu na kibanda, asikiguse.

“Kwa hivyo ule mkono,” alisema.

Alikuwa amekwisha kufika.

“Hakuwa akituaga.”

“Hapana, mama. Alikuwa ananiambia niondoe gari. Nikafikiri anataka chai.”

Mwanaisha alimsaidia kuinuka, akamketisha kwenye kiti hiki ulichokalia. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga ya Mwanaisha, akaivaa tena. Nilingoja anitukane. Ningepumzika kidogo kama angenitukana.

“Miaka yote nimelala na mkono ule,” alisema. “Ndio uliokuwa mto wangu. Sasa umenipa mtoto aliyekuwa macho, na umechukua mkono. Sijui nikushukuru kwa kipi.”

“Usinishukuru.”

“Sikushukuru.” Alinyoosha kidole. “Mkono wake umeuweka kwenye bunduki. Uinue.”

Niliinua, mbele yake. Udongo ulikuwa umekwisha kauka, kwa hivyo nilikata begani kwa wembe, nikaweka waya mpya, nikafinyanga mkono upya. Ilinichukua mchana mzima. Yeye alikaa akangoja. Ulipomalizika aliukagua kama alivyokagua bega.

“Jumamosi ijayo nitaita watu kwangu,” alisema. “Yule mwanamke wa kanisani atakuja. Utaileta hii, na utawaambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno.”

Tuliubeba mlango ule mpaka Makongeni juu ya mkokoteni, nikitembea pembeni nimeshika mti. Sebule ya mama ilijaa. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, kuanzia maji ya moto. Wakapiga magoti mmoja mmoja. Yule mwanamke aliyepoteza mtoto wake alikuwa wa mwisho, na alipoinuka alinitazama mimi, si Mama Karanja. Akaenda akaketi kando ya mama, kwenye kiti kile kile, wakagawana nusu kwa nusu. Mimi nikarudi nyumbani.

Nimejaribu kulipima jambo hili kama ninavyopima ukuta. Sajenti aliyanywa yale maji, Karanja aliyanywa, sote tuliyanywa na tulifurahi. Lakini usukani niliushika mimi. Je, kama angeliliona gari lile kwenye laga, wangapi wangeishi? Sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya. Ninachojua ni kuhesabu kumi na mbili. Nimehesabu mara nyingi, na ni muda mrefu sana.

Kambi iko kwa mama mpaka leo, karibu na cherehani. Hufunikwa kwa kitambaa cha bitana ili vumbi lisiingie. Uzi bado upo, umepinda pale tangini. Mama hutuma salamu kupitia kwa Mwanaisha. Kwangu mwenyewe husema machache, na ana haki.

Nawe ukitaka kujenga ya kwako, iwe ni kambi, mtaa au nyumba mliyoikimbia, utaweza. Mlango wa zamani haukosekani. Anza na mtu mmoja, pima kila kitu kwa huyo, chekecha mchanga mara mbili. Weka kila kilichokuwepo, hata mbuzi. Na kabla hujabandika gari lolote kwa gundi, funga uzi kwenye jicho la mlinzi, uuvute mpaka mahali hatari inapotokea, kisha piga magoti, weka jicho lako palipo lake, fumba la pili, na utazame.